Mgongo wa Ngowa

Nelly alikuwa amekalia mbuzi, akikuna nazi ya mchuzi wa jioni, mumewe aliposhuka kwenye pikipiki nje ya ua. Ilikuwa saa kumi, jua bado kali juu ya mihogo ya Kakuyuni, na kuku walikuwa wamejilaza kivulini mwa banda. Asubuhi ya siku hiyo Ngowa aliondoka kwenda Marafa kutafuta dawa ya mgongo, nywele zake nyeusi na kidevu kimenyolewa. Sasa alikuwa na ndevu nyeupe zilizomfika kifuani. Aliagana na mwenye pikipiki, akaja akitembea wima kama kijana. Alipouvuka ua wa michongoma, mkono ukamwenda kiunoni, mgongo ukapinda, akawa anatembea vile vile alivyotembea tangu alipoumia kwenye timbo la mawe ya kujengea alikokuwa akifanya kazi.

"Umerudi," Nelly akasema.

"Nimerudi, Mama Emily. Habari za hapa?"

"Nzuri. Chakula bado."

Aliendelea kukuna. Shati alilovaa Ngowa lilikuwa lile lile la kijani aliloondoka nalo, ila kola ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya, na vifungo vilikuwa vimetiwa kwa uzi mwekundu. Nelly hakuwa na uzi mwekundu nyumbani mwake. Mishono ilikuwa midogo, imekaribiana, mishono ya mtu asiyekuwa na haraka. Hiyo ndiyo iliyomwingia moyoni kwanza, kabla ya zile ndevu.

Walikula uani. Ngowa alikaa kwenye kiti kwa sababu ya mgongo, wengine mkekani: Nelly, binti yao Emily aliyekuwa kidato cha pili, na mama mzazi wa Ngowa, ambaye nyumba nzima ilimwita Hawe, kama Wagiriama wanavyomwita bibi.

"Haya, tuambie," Hawe akasema.

Ngowa akawaambia. Mganga wa Marafa, jina lake Garama, alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani ya kusomea, aliyekuwa pia akiuza matikiti kwenye hoteli za Malindi, na aliwatibu watu kati ya simu moja na nyingine. Alimuuliza anaumwa wapi. Ngowa akasema mgongo. Garama akaparuza mzizi ndani ya kata ya maji, akampa anywe, akamlaza bandani. Dawa ilikuwa chungu kupita mwarobaini. Ngowa alifumba macho, na alipoyafumbua alijikuta amesimama kwenye shamba la udongo mweusi, karibu na mto, na mgongo haumuumi.

"Nikaenda tu mbele," alisema. "Nikakuta nyumba. Kulikuwa na mwanamke nje anapukuchua mahindi. Akasogeza kigoda, nikakaa. Basi nikakaa."

"Ukakaa mpaka lini?" Hawe akauliza.

Ngowa akazishika ndevu zake. "Mpaka hivi. Halafu siku moja nilikuwa nafunga mbuzi kamba, nikamsikia Garama ananiita, pikipiki imefika."

Hawe akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya unga. "Na watoto?"

"Watatu. Wavulana watupu."

Hawe akaliacha tonge la sima kwenye sahani. "Wa kwanza ulimwita nani?"

"Fondo."

Fondo lilikuwa jina la marehemu mumewe Hawe. Kwa desturi yao lilimngojea mtoto wa kwanza wa kiume wa Ngowa, na kwa kuwa Nelly baada ya Emily hakupata mwingine, lilibaki likingoja, na Hawe hakukosa nafasi ya kulikumbusha. Sasa machozi yalimtoka bila sauti. Akauliza kama masikio ya mtoto yamesimama kama ya babu yake. Ngowa akasema yamesimama kabisa.

"Baba," Emily akauliza, "huko ulikuwa na binti?"

"Hapana."

"Afadhali," Emily akasema, akaanza kukusanya sahani za waliomaliza.

Nelly akamgeukia mumewe. "Huyo mama yao anaitwa nani?"

"Viola."

"Viola wa kwa nani?"

"Sikuuliza."

"Miaka yote hiyo hukuuliza."

"Hapakuwa na haja." Ngowa akajinyoosha kidogo, akaguna kwa maumivu, akaendelea na simulizi yake. Alisimulia jinsi alivyokuwa akiamka kabla ya Viola, akateremka mtoni na mitungi miwili, akarudi, akawasha moto, akampelekea maji ya kuoga yenye vuguvugu. Alilisema hilo kwa wepesi, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Bomba la Kakuyuni liko ng'ambo ya barabara, kupita shule. Tangu aolewe, Nelly aliwahi kumwona Ngowa bombani mara moja tu, alipokuja kumwita arudi upesi, wageni wamefika na hakuna wa kuwapikia. Hiyo ilikuwa kabla mgongo haujaumia. Nelly akaegemeza mwiko kwenye sufuria, akamwongezea mumewe mchicha.

Habari ikaenea. Jioni zilizofuata majirani walikuja wakakaa uani, na Ngowa akawasimulia kwa utulivu tangu kile kigoda hadi yule mbuzi wa kamba. Wanaume walitaka kujua bei ya ardhi huko. Wanawake walitaka kujua Viola anavaa nini. Mchungaji Odera wa kanisa lao alikuja kukemea, akaishia kuuliza kama huko kuna kanisa. Ngowa akasema lipo, dogo, la makuti, na mchungaji wake anahubiri kwa ufupi. Odera akaaga kabla ya chai.

Chai ilikuwa kazi ya Nelly. Alikuwa jikoni akikoroga majani, na maneno yalimfikia kupitia ukuta wa udongo, kila jioni na jipya lake. Jioni moja ilikuwa jinsi Ngowa alivyokuwa akimkanda Viola miguu kwa mafuta ya nazi baada ya palizi. Nyingine, jinsi alivyomwekea kichwa cha samaki, kwa sababu Viola alipenda kichwa. Nelly pia alipenda kichwa cha samaki. Katika nyumba ile kichwa kilikuwa cha Ngowa, na kama Ngowa hayupo, cha Hawe.

Alipokuwa peke yake na shati lile la kijani, alikifumua kile kifungo cha juu na kukishona upya kwa uzi mweusi. Kesho yake uzi ulikuwa mwekundu, na mishono midogo kama mwanzo. Akakifumua tena. Ukarudi tena. Mara ya mwisho alikikata kifungo chenyewe akakitupa chooni, na shati lilipoanikwa kifungo kilikuwa mahali pake. Baada ya hapo alilifua tu, akalipiga pasi, akalitundika.

Akaanza kuuliza maswali. Aliuliza akiwa amegeuka upande mwingine, akichambua mchele au akikunja nguo. Je, ni mnene? Wastani. Je, ni mweupe? Si sana. Anaimba? Akipika, ndiyo. Anaweka nini kwenye mchuzi wa mbaazi? Ngowa akafikiri kwa makini, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo, akasema anatia ndimu mwishoni, moto ukishazimwa. Nelly akapika mbaazi akatia ndimu mwishoni, moto ukiwa umezimwa. Ngowa akaonja.

"Umekaribia," akasema.

Mgongo ulipozidi alirudi Marafa, na hakuna aliyemzuia, kwa kuwa mtu mgonjwa hazuiwi kutibiwa. Aliondoka asubuhi akarudi alasiri, na kila safari alikuwa amekaa huko msimu mzima, mara wa kupanda, mara wa kuvuna. Aliporudi alikuwa na habari. Mtoto wa pili, Sanga, ameng'oka meno ya mbele. Wamejenga jiko jipya, yeye mwenyewe alilikandika, na amelitobolea dirisha ili moshi usimwingie Viola machoni. Jiko la Nelly halikuwa na dirisha. Alikuwa ameliomba dirisha hilo mwaka Emily alipoanza shule, akaambiwa mvua itaingia.

Ilikuwa Jumamosi Viola alipokuja kusalimia. Alifika kwa pikipiki mbili, yeye na mtoto mdogo kwenye moja, wale wakubwa wawili kwenye nyingine, na alikuwa ameulizia njia dukani. Alikuwa mwanamke wa kimo cha kawaida, ana mwanya, visigino vimepasuka kama vya mkulima yeyote. Alileta kuku na kapu la mbaazi mbichi. Alipiga hodi ukingoni mwa ua, akangoja akaribishwe.

"Shikamoo mama," akamwambia Hawe, na watoto wakashika mkono wa bibi yao mmoja mmoja.

Hawe alimkamata Fondo masikio yote mawili, akayatazama, akamketisha kwenye kiti cha baba yake. Kisha akamwita Nelly kwa sauti ya harusi. "Mkazamwana! Njoo uone wageni!"

Nelly alitoka akifuta mikono kwa kanga. Alikuwa amelingoja tukio hili kwa muda, na mwilini mwa yule mwanamke alitafuta kitu. Alitafuta uzuri, ili amchukie, au ubaya, ili amcheke. Hakupata. Viola alikuwa mtu tu. Hilo lilimuuma zaidi, kwa kuwa mzuri angekuwa na sababu ya kupendwa.

"Dada," Viola akasema. "Nimesikia mengi kuhusu mapishi yako."

"Karibu," Nelly akasema. "Jikoni kuna moshi."

Lakini Viola alimfuata. Nelly akampa kigoda upande ule moshi unakoelekea. Viola akakaa hapo hapo bila kuhama, akaanza kumenya vitunguu, machozi yakimtoka. Nje walimsikia Ngowa akicheka na wanawe. Emily alikuwa amesimama mlangoni na vitabu vyake kifuani, akitazama jinsi baba yake anavyojua ni mtoto yupi asiyekula pilipili.

"Yeye huwachotea maji?" Nelly akauliza.

"Nani, Baba Fondo? Kila siku."

"Mgongo haumsumbui?"

"Mgongo gani?" Viola akauliza, na alikuwa anauliza kwa kweli.

Nelly akamimina tui. "Akikasirika, hunyamaza? Anaweza kukaa juma zima hasemi nawe, na hujui umekosa nini?"

Viola akalifikiria swali hilo kama mtu anayeulizwa habari za mji asioujua. "Sijamwona akikasirika," akasema.

Wali ulianza kuchemka. Nelly akapunguza kuni, akapanga upya zile ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Alikuwa na swali moja tu lililobaki na hakutaka kuliuliza, akaliuliza.

"Na huko kwenu, aliwasimulia habari za hapa?"

"Alitusimulia. Alipofika tu mara ya kwanza, na tena kila anapotoka huku. Sisi hukaa nje tukamsikiliza."

"Husema nini?"

Viola akauweka chini ule upawa aliokuwa ameanza kuukosha. Ilionekana kwamba angependa kuwa na jibu kubwa zaidi. "Husema kwamba hapa anaumwa mgongo."

"Hivyo tu?"

"Na kwamba chakula ni kizuri."

Walipakua. Kichwa cha kuku alipewa Fondo, kwa jina lake. Jua lilipoanza kulegea wageni waliaga, na Ngowa akawasindikiza hadi barabarani. Kutoka uani Nelly aliona vizuri. Alipouvuka ua wa michongoma, mume wake alinyooka. Akainama akamnyanyua yule mdogo, Ziro, akamrusha begani, na kwa mkono wa pili akalichukua kapu la Viola, lililokuwa sasa limejaa maembe ya Hawe, akalibeba kama si kitu. Alikwenda hivyo hadi kwenye pikipiki, akamsubiri Viola akae vizuri, akamrekebishia kanga isinaswe na gurudumu. Kisha akarudi, akavuka ua, akashika kiuno.

"Niletee maji ya kunywa, Mama Emily," akasema akijishusha kwenye kiti. "Mgongo umenikaza leo."

Nelly alileta maji. Alisubiri mpaka akanywa yote, kwa kuwa hakulelewa kumkatiza mtu akinywa.

"Baba Emily," akasema, "mbona hapa hujawahi kunichotea maji? Si sasa. Zamani, ulipokuwa mzima."

Ngowa hakukasirika. Tangu aanze ile dawa alikuwa mpole hata hapa, upole wa mtu aliyeshiba kwingine. "Hapa watu wananijua," akasema. "Wangenicheka. Huko hakuna wa kunicheka."

"Nani angekucheka?"

Akafikiri, akawataja wawili, mmoja wao marehemu. Kisha akasema, "Na wewe hukuniomba."

"Viola alikuomba?"

Nelly alimwona mumewe akirudi nyuma miaka yote ile, akiitafuta siku ile ya kwanza, kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Hapana," akasema mwishowe. "Nilimwona tu amechoka."

Nelly akaichukua bilauri tupu, akaenda nayo jikoni. Aliiosha, akaifuta, akaiosha tena. Angekuwa na mwenzake mwenye hila, mwenye kwenda kwa waganga na kumfunga mume kwa kitambaa cheusi, angejua la kufanya, kwa kuwa wanawake wa namna hiyo wanajulikana na dawa zao zinajulikana. Lakini huyu alikuwa amekaa kwenye moshi wake bila kulalamika, na aliondoka akimshukuru kwa wali.

Juma lililofuata Nelly alifunga leso yake nzuri, akaenda Marafa mwenyewe. Boma la Garama lilikuwa nyuma ya njia ya kwenda Nyari, pale wageni wa mahoteli wanaposhuka bondeni kupiga picha kuta nyekundu za mchanga. Matikiti yalikuwa yamepangwa barazani. Garama alikuwa kwenye simu akibishana na mpishi wa hoteli. Alipomaliza alivaa miwani.

"Wewe ni mkewe Ngowa," akasema. "Wa huku."

"Ndiye."

"Karibu. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nataka kunywa aliyokunywa yeye."

Garama akamtazama juu ya miwani. "Mama, nisikilize. Mtu hunywa kwa sababu pana mahali panamuuma. Dawa humpeleka kule ambako mahali hapo hapaumi. Ni hivyo tu, haina maajabu. Ngowa aliumwa mgongo, akaenda kusikouma mgongo. Wewe unaumwa wapi?"

Nelly akafikiri. Alikuwa na jibu moja la swali hilo tangu utoto wake, alilolitoa kliniki, kanisani, kwa mama yake, na hata kwa wakunga siku aliyomzaa Emily.

"Mimi sina neno," akasema. "Nataka kwenda tu."

Simu ya Garama ikalia tena. Akaitazama, akamtazama Nelly, akaparuza mzizi.

Ilikuwa chungu kama alivyosimuliwa. Nelly alilala bandani, akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa jikoni kwake, moshi umejaa, na maji yamekwisha. Akachukua mtungi akaenda bombani. Alipanga foleni nyuma ya Abigael, jirani yao wa kutoka bara, wakazungumza habari za kiberiti. Akarudi akapika. Kesho yake ilikuwa vile vile. Alilima mihogo, akafua, akakuna nazi, akamzika Hawe mvua za vuli, akamwoza Emily. Jioni majirani walikuja, Ngowa akawasimulia habari za Viola, na yeye akawapikia chai. Mara moja, mchana, aliusogelea ua wa michongoma na kuuvuka polepole, ajisikie. Hakujisikia tofauti. Aliishi hivyo miaka mingi. Siku moja alikuwa ameinama akipuliza moto, akamsikia Garama anamwambia pikipiki imefika.

Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umekuwa mweupe wote. Jino moja lilikuwa limetoka.

"Nilikuuliza," Garama akasema, si kwa ukali. "Asiyetaja panapomuuma, dawa humrudisha alikotoka. Haijui pengine pa kumpeleka." Akampa tikiti moja la kwenda nalo nyumbani.

Jioni ile walikaa kama kawaida, Ngowa kwenye kiti, wengine mkekani. Hawe alikuwepo, mzima, na Nelly alimtazama kidogo, kwa kuwa kwake yeye alikuwa amemlilia zamani. Akakata tikiti akawagawia.

"Nimekunywa ile dawa," akasema.

"Ah! Vizuri," Ngowa akasema. "Ukaenda wapi?"

"Nilikuwa hapa."

Wakangoja. Nelly akajaribu kuwasimulia. Akawaambia habari za bomba, na mwaka mihogo ilipooza, na siku paa la jiko lilipovuja wakapikia chumbani. Alisimulia kwa mpangilio, bila kuruka kitu, kama alivyosikia watu wakisimulia. Hawe alitema mbegu pembeni.

"Na Viola hukumwona?"

"Sikumwona."

"Wala watoto?"

"Wala watoto."

Hawe akarudi kwenye tikiti lake. Ngowa, ambaye hakupenda kuacha mazungumzo yafe, akauliza mgongo wake yeye mwenyewe ulikuwaje huko. Nelly akasema ulikuwa ukimuuma. Ngowa akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akakumbuka kwamba Viola naye alikuwa amepanda matikiti karibu na mto, makubwa kuliko haya, akaanza kuwaeleza jinsi walivyoyabeba yeye na Fondo, na Hawe akasogea karibu ili asikie vizuri. Ndevu za Ngowa zilikuwa zimeonwa na mji mzima siku ile aliposhuka kwenye pikipiki. Nywele za Nelly zilikuwa hazijaonwa na mtu.

Emily alimfuata jikoni na sahani. Wakaosha pamoja, mmoja akisugua, mwingine akisuuza.

"Umekuwa na mvi," Emily akasema.

"Ndiyo."

Wakaosha vikombe. "Mama, na mimi nilikuwepo huko?"

"Ulikuwepo."

"Nikifanya nini?"

Nelly angeweza kusema lolote, lakini siku zile nyumba ile ilikuwa imezoea watu kusimulia yaliyotokea. "Ulikuwa umeolewa, mwanamume mtulivu tu. Siku moja ulikuja kunisalimia, umembeba mtoto mgongoni, ukakaa pale mlangoni. Nikakuona umechoka."

Emily aliacha kusuuza. "Halafu?"

"Maji yalikuwa yamekwisha," Nelly akasema. "Nikakutuma bombani."

Emily akaitazama sahani iliyokuwa mkononi mwake, kisha akaiinamisha ichuruzike na kuiweka pamoja na nyingine. Nje Ngowa, katika simulizi yake, alikuwa amefika pale mtoto mdogo alipoangusha tikiti na kulia, na Hawe alikuwa akicheka.

"Pasaka watakuja tena?" Emily akauliza.

"Watakuja. Hawe amekwisha kuwaita."

"Sahani hazitatosha."

"Tutaazima kwa Abigael." Nelly akafunika mitungi, akazitenganisha kuni zilizobaki ili zizimike. "Lakini Viola mpe ile yetu iliyomeguka."

Emily akasema sawa.